ANTIOKIA WALITUMA WATU WAWILI, SISI TUNATAKA KUTUMA BASI ZIMA



Neno la wiki hii ni refu na halijatiwa sukari. Kama uko kwenye matatu, ngoja ufike nyumbani. Ukilianza, limalize, ndipo unipigie simu.

Tangu kamati ya misheni itangaze safari ya Uganda, simu yangu haijapumzika. Wengine wanauliza fulana zitakuwa za rangi gani. Wengine wanauliza kama kuna nafasi ya kijana wao aliyemaliza kidato cha nne. Mama mmoja anayeuza mboga ametuma shilingi 500 na kuniambia kwamba yeye hawezi kwenda, lakini pesa yake iende ikaguse maisha ya mtu. Ni kwa sababu ya hizo shilingi 500 ninaandika leo. Siku moja Mungu ataniuliza zilikwenda wapi.

Mpango ulioletwa mbele ya wazee ni huu. Watu 24, siku 10, kwenda makazi ya wakimbizi ya Bidi Bidi, wilaya ya Yumbe, kaskazini magharibi mwa Uganda. Kila mtu shilingi 45,000. Jumla shilingi 1,080,000, na sehemu kubwa ichangwe na kanisa. Ndani yake kuna basi la kukodi, malazi Arua, chakula, fulana, na siku moja ya kutazama Maporomoko ya Murchison wakati wa kurudi. Zawadi kwa kanisa linalotupokea: shilingi 80,000.

Soma tena hizo hesabu polepole. Milioni moja ni yetu. Elfu themanini ni yao. Na juu ya bango tumeandika kwamba ni misheni ya upendo. Ni upendo kweli, mpendwa, lakini ni wa kujipenda.

Najua neno hilo limekuuma. Kaa nami.

Bidi Bidi ni mahali gani? Ilifunguliwa Agosti 2016, baada ya vita kuzuka upya Juba mwezi Julai. Watu wakamiminika kutoka Yei, Kajo-Keji, Morobo na vijiji vingine vya Ikweta, wengi kwa miguu, mtoto mgongoni na godoro kichwani. Kabla mwaka huo haujaisha, mahali palipokuwa vichaka palikuwa na watu zaidi ya 200,000. Serikali ya Uganda iliwapa vipande vya ardhi wajenge na walime kidogo. Tangu wakati huo mgao wa chakula umekatwa si mara moja. Wengi wao ni Wakristo. Wana makanisa yao, wana kwaya zao, wana wachungaji wao waliovuka mpaka pamoja nao.

Kwa hiyo hatuendi mahali ambapo jina la Yesu halijatajwa. Tunaenda kwa ndugu zetu wenye njaa. Hilo linabadilisha kila kitu, kwa sababu Biblia ina habari ya kanisa lililosikia kwamba ndugu zao wa nchi nyingine wana njaa. Fungua Matendo 11, kuanzia mstari wa 27.

Agabo anatoa unabii wa njaa. Kanisa la Antiokia linasikia. Wanafanya nini? Wanachanga, kila mmoja kulingana na uwezo wake. Wanapeleka Yerusalemu kwa mikono ya Barnaba na Sauli. Kanisa zima lilichanga, watu wawili wakabeba. Na zile pesa walizipeleka kwa wazee wa kanisa la kule. Hawakusimama sokoni Yerusalemu wakigawa mkate huku wengine wakitazama. Wazee ndio waliojua mjane yupi hajala na ni nani ana mgonjwa ndani.

Angalia pia ni akina nani waliotumwa. Sauli na Barnaba walikuwa wamefundisha Antiokia mwaka mzima. Kanisa lilituma watu linaowajua. Baadaye, katika 2 Wakorintho 8, Paulo anaposimamia mchango mwingine wa watakatifu, anaandamana na ndugu waliochaguliwa na makanisa ili mtu yeyote asipate la kulaumu juu ya pesa zile. Hao ni wajumbe wachache, wenye majina, wenye hesabu mkononi. Hakuna fulana.

Sasa nitajibu mambo ambayo mmeniambia wiki hii.

La kwanza: "Pasta, lakini tutafanya kazi ya mikono. Tutawajengea kanisa."

Mpendwa, kule Bidi Bidi mikono ipo. Wako mafundi, wako vijana wenye nguvu wanaoshinda wameketi kwa kukosa kazi. Wewe ambaye hapa Nakuru unaita fundi akubadilishie bawaba ya mlango, utaenda kumjengea nani ng'ambo ya mpaka?

Jambo hili limepimwa. Kimbunga Mitch kilipobomoa nyumba za watu Honduras mwaka 1998, makanisa ya Amerika Kaskazini yalituma vikundi vingi kwenda kujenga. Mtafiti Mkristo, Kurt Ver Beek wa chuo cha Calvin, akafuatilia. Nyumba moja ingejengwa na wenyeji kwa kama dola 2,000. Kikundi kikisafiri kwenda kujenga nyumba kama hiyo, ukijumlisha na nauli za ndege, gharama ilifika kama dola 30,000. Hizo ni nyumba 15, ndugu yangu. Familia kumi na nne zilikosa paa ili sisi tupate ushuhuda. Na alipowauliza waliokaa ndani ya zile nyumba, hakuona tofauti kati ya waliojengewa na wageni na waliojengewa na watu wa kwao. Nyumba ni nyumba.

Sisi Wakenya hatuhitaji kwenda Honduras kujifunza hili. Tumekuwa wenyeji wa vikundi hivi miaka mingi. Tunajua shule inayopakwa rangi Juni na kikundi kimoja na kupakwa tena Agosti na kingine, huku vyoo vya wanafunzi vikibomoka. Tunajua kutabasamu na kushukuru, halafu wageni wakiondoka tunatazamana. Tulilalamika sebuleni kwetu. Leo tumepata nauli, tunataka kwenda kuwa wale wale.

La pili: "Vijana wetu watafunguliwa macho. Watarudi wamewaka moto."

Macho kufunguka ni jambo jema. Ila jiulize ni nani analipa. Kama safari ni ya kumfundisha kijana wako, hiyo ni ziara ya mafunzo, na mzazi hulipia mafunzo ya mtoto wake. Usichukue shilingi 500 za mama mboga, kisha umwambie zimeokoa mtu Uganda, ilhali zimenunua chakula cha mchana cha kijana mwenye simu kubwa kuliko yake. Huko ni kutumia jina la Mungu kuomba nauli. Na huo moto, Ver Beek aliutafuta pia. Wengi wa wasafiri waliamini wamebadilika, lakini alipotazama utoaji wao baada ya safari, haukuwa umepanda sana. Moto wa picha huzimika chaji ikiisha.

La tatu, na hili linaniuma: "Tutawahubiria. Wanahitaji kutiwa moyo."

Hebu fikiria mchungaji wa kule. Alitoka Yei usiku akiwa na kondoo wake. Aliwazika wengine njiani. Tangu 2016 anahubiri chini ya mti au turubai, na akimaliza kuhubiri anapanga foleni ya chakula kama muumini wake. Hajapokea mshahara. Hajaliacha kundi. Halafu sisi tunashuka kwenye basi, tunamweka aketi kwenye benchi la mbele, na kijana wa miaka 22 kutoka Nakuru, ambaye mwezi jana alikosa kesha kwa sababu ya mvua, anasimama kumfundisha uvumilivu. Kupitia mkalimani. Maana kule watu wanaomba kwa Kibari, kwa Kikakwa, kwa Kikuku, kwa Kiarabu cha Juba, na sisi hatujajifunza hata salamu moja.

Ni nani anayepaswa kumhubiria mwenzake hapo? Mimi ningependa kuona mchungaji huyo kwenye madhabahu YETU, Jumapili nzima, atufundishe maana ya kumwamini Mungu ghala likiwa tupu. Nauli yake kuja hapa ni ndogo kuliko bei ya fulana zetu.

La nne: "Tutatembelea watoto yatima."

Hapo ninaweka mguu chini. Januari 2010, baada ya tetemeko la ardhi la Haiti, Wamarekani 10, wengi wao wa makanisa ya Kibaptisti ya Idaho, walikamatwa kwenye mpaka wa Jamhuri ya Dominika wakiwa na watoto 33 bila karatasi zinazofaa. Walisema wanawaokoa yatima. Ikaja kujulikana kwamba wengi wa wale watoto walikuwa na wazazi, wazazi maskini walioahidiwa kwamba watoto wao watasoma. Hawa walikuwa watu waliokwenda kwa maombi na kuagwa na makanisa yao. Nia njema isiyouliza maswali ni hatari kama gari lisilo na breki.

Na hapa kwetu? Mwaka 2017 serikali ya Kenya ilisimamisha usajili wa makao mapya ya watoto, na sheria ya watoto ya 2022 inataka mtoto alelewe katika familia. Kwa nini? Kwa sababu mahali ambapo wageni hupenda kukumbatia yatima, yatima hawaishi kupatikana. Watoto wenye mama na nyanya wametolewa nyumbani ili makao yajae. Mtoto anamzoea mgeni wa wiki moja, mgeni anaondoka, anakuja mwingine. Mpendwa, mtoto si mapambo ya ushuhuda wako. Hungekubali mtu usiyemjua aingie shuleni kwa binti yako, ambebe, ampige picha, aitume kote duniani akisema "maskini huyu". Basi mtoto wa mkimbizi naye ana mama.

Kuna mtu atasema, pasta amezima Roho. Pasta hataki watu waende. Hapana. Sikuwahi kusema safari fupi ni dhambi. Filipo alipanda gari la Mwethiopia kwa muda mfupi tu, na injili ikaenda Afrika (Matendo 8). Paulo alihubiri sinagogi la Thesalonike sabato tatu. Lakini soma kilichofuata: akamrudisha Timotheo kuwaona, akaandika barua, akawabeba kwa maombi. Korintho alikaa mwaka mmoja na miezi sita. Efeso aliwalilia miaka mitatu. Urefu wa safari si hoja. Hoja ni kama baada ya basi kuondoka kuna uhusiano unaobaki.

Na sisi tuna mababu katika jambo hili, hapa hapa Afrika Mashariki. Mwaka 1937 ndugu wa uamsho wa Gahini, Rwanda, walifika Kabete. Ilikuwa safari fupi ya kikundi, kutoka nchi nyingine. Hawakuja na mifuko ya nguo. Walikuja na toba na ushuhuda wao wenyewe, wakala walichopewa, na ushirika uliozaliwa ukaendelea vizazi na vizazi. Na kabla yao, Apolo Kivebulaya, Mganda, alivuka kwenda Mboga, Kongo, mwaka 1896. Walimpiga, wakamfunga, alirudi tena. Alikufa huko huko mwaka 1933, na kaburi lake liko Mboga. Kama unataka kuitwa mmishenari, pima kanzu hiyo kwanza. Kama haikutoshi, hakuna aibu. Jiite mgeni, na uwe mgeni mwenye adabu.

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Je, kwa safari yetu mwenyeji anapona? Nilimpigia simu mchungaji anayetupokea. Nikamwambia tumepanga kuja watu 24. Akasema karibuni, wageni ni baraka. Halafu akanyamaza kidogo, na mimi nikausikia ule unyamavu. Mtu wa mgao uliokatwa alikuwa anahesabu sahani. Maana hata tukibeba chakula chetu, wale akina mama hawatakubali mgeni alale bila kupikiwa. Watakopa. Mbuzi aliyekuwa karo ya mtoto atachinjwa. Nikamuuliza, "Ndugu yangu, kama ningekuwa na shilingi moja tu, ungetaka ifanye nini?" Hakuomba mahema, hakuomba mahubiri. Aliomba mbegu na majembe kabla ya mvua. Aliomba karo ya watoto wa sekondari. Aliomba Biblia za lugha yao. Na aliomba, kama inawezekana, mtu mmoja wa kukaa naye muda wa kutosha awafundishe viongozi wake kutunza vitabu vya pesa vya kikundi chao cha akiba.

Basi sikieni uamuzi ambao mimi na wazee tumefikia. Nitausoma mbele ya kanisa Jumapili, lakini ninyi mmeusikia kwanza.

1. Basi la watu 24 halipo. Wataenda watu watatu: mzee mmoja, mama mmoja, na ndugu yetu mhasibu. Mhasibu amekubali kukaa miezi miwili kwa likizo yake mwenyewe. Wengine wawili watarudi baada ya wiki moja.

2. Gharama zao zote hazitazidi shilingi 150,000. Mchango uliopangwa hautapungua hata senti. Zile zinazobaki, zaidi ya shilingi laki tisa, zitapelekwa kwa wazee wa kanisa la kule, na risiti zitabandikwa ukutani hapa kanisani.

3. Mbegu, majembe na madaftari yatanunuliwa Yumbe na Arua. Hatubebi bidhaa kutoka Nakuru kwenda kumuua mfanyabiashara wa huko.

4. Hakuna picha ya mtoto. Hakuna picha ya mtu akipokea kitu. Bwana alishatuambia katika Mathayo 6 juu ya kutoa kwa kupiga baragumu. Simu imekuwa baragumu yetu.

5. Mwaka ujao, na mwaka unaofuata, mchango utarudiwa. Kama hatuwezi kuahidi miaka mitatu, tusianze.

6. Mchungaji wa kule atakuja kutuhubiria kabla ya mwaka kuisha, akipata karatasi zake. Fulana haitamngoja, ila kiti na sahani vitamngoja.

Na ninyi vijana wangu mliokuwa mmejiandikisha, najua mmevunjika moyo. Msiende mbali. Wako Wasudani Kusini hapa Nakuru. Wengine mnasoma nao. Wengine huketi viti vya nyuma vya kanisa hili na hakuna aliyewahi kuwaalika chai. Kakuma nayo iko ndani ya nchi yetu, Turkana, tangu 1992. Anza na yule wa kiti cha nyuma. Jifunze jina lake na namna linavyotamkwa. Jifunze salamu yake. Uliza mama yake yuko wapi, kisha unyamaze usikilize. Fanya hivyo mwaka mmoja. Ukifika mwisho wa mwaka na moyo wako bado unawaka, njoo ofisini. Nitakutuma mwenyewe, na sitakutuma kwa siku kumi.

Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Tulikuwa tumepanga kuondoka kabla jembe halijatolewa.

Kuna watakaodai pesa zao kwa sababu walichanga ili waende. Mhazini anazo, mtarudishiwa bila maneno. Lakini kabla hujaomba, piga magoti, umuulize Bwana swali moja: nilikuwa ninampa ndugu yangu mwenye njaa, au nilikuwa ninajinunulia safari? Yule mama mboga nimeshampigia. Nimemweleza yote. Amesema zile 500 ziende vilevile, na ameongeza 200 za mbegu.

Tuombe.

Baba, tusamehe kwa kuutumia umaskini wa wengine kama jukwaa letu. Wape ndugu zetu wa Bidi Bidi mvua kwa wakati wake. Tupe mikono inayotoa bila kelele, na miguu inayokwenda pale tu ulipoituma. Katika jina la Yesu.

Kama umekubali na moyo wako, sema Amina. Kama hujakubali, milango ya ofisi iko wazi Jumanne, njoo tuongee kama watu wa nyumba moja. Jumapili saa tatu asubuhi, njoo na Biblia, na ukiweza, njoo na mgeni wa kiti cha nyuma, umketishe karibu nawe.

Mungu awabariki.